ASKARI WASTAAFU NA KAZI: MAMBO AMBAYO KATIBU WA CHAMA CHA MSINGI ANAPASWA KUYAJUA

Katika vijiji vinavyouzunguka mgodi wa almasi wa Mwadui, kutoka Maganzo hadi Songwa na Idukilo, si jambo geni kumkuta mtu wa makamo aliyelitumikia jeshi kwa miaka mingi akikesha mlangoni pa duka au ghala, rungu mkononi na koti zito begani. Jeshini huenda alikuwa fundi wa magari, mtunza bohari, mpiga redio au mwuguzi wa kikosi. Kijijini anajulikana kwa jina moja tu: mlinzi. Wakati huohuo chama cha msingi kilicho jirani naye kinalalamika kwamba hakina mtu wa kuaminika wa kuangalia mizani, wala fundi wa kutengeneza trekta, wala karani awezaye kufunga vitabu vya bohari bila makosa.

Mambo hayo mawili yanahusiana. Mtu mwenye ujuzi anakaa bila kazi inayomfaa, na kazi inayohitaji ujuzi inakaa bila mtu. Makala haya yanakusudia kueleza askari wastaafu ni nani, historia inafundisha nini kuhusu kuwarudisha katika kazi za kiraia, huduma zipi za mafunzo na ajira zipo nchini, na chama cha msingi kinaweza kufanya nini bila kuvunja sheria na bila kujitwisha mzigo kisichouweza.

NI NANI HAO?

Watu wengi huwachanganya wote waliowahi kuvaa sare. Ni vema katibu awatofautishe, kwa sababu haki zao na mahitaji yao si mamoja. Makundi yaliyo makubwa ni matatu.

Kundi la kwanza ni wanajeshi wastaafu wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania, lililoundwa Septemba 1964 baada ya jeshi lililorithiwa kwa wakoloni kuvunjwa kufuatia maasi ya Januari mwaka huo. Hawa wamefanya utumishi wa mkataba au wa kudumu, nao huondoka na mafao kulingana na cheo na muda waliotumikia. Wengi wao, hasa wenye vyeo vya chini, hutoka jeshini wangali na nguvu za kufanya kazi kwa miaka mingi.

Kundi la pili ni wapiganaji wa Vita vya Kagera, wakiwamo mgambo walioitwa vijijini. Vita hivyo vilianza Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalipoivamia Kagera, na mapigano yakamalizika Juni 1979. Kijana aliyekuwa na miaka 20 wakati huo alizaliwa mwaka 1959, kwa hiyo leo ni mzee. Kundi hili halihitaji ajira ya kutwa nzima. Linahitaji kazi nyepesi yenye heshima, na mara nyingi linahitaji msaada wa kufuatilia nyaraka.

Kundi la tatu ni vijana waliojitolea katika Jeshi la Kujenga Taifa. JKT ilianzishwa Julai 1963. Kijana wa kujitolea hukaa kambini kwa miaka miwili, akijifunza ukakamavu pamoja na stadi za kazi kama kilimo, ufugaji, ujenzi na ushonaji. Wachache huchukuliwa na majeshi. Waliosalia hurudi nyumbani. JKT yenyewe hutangaza kila inapoita vijana kwamba haiwaahidi ajira. Hata hivyo wazazi wengi huamini vingine, na kijana arudipo kutoka Msange, Bulombora au Rwamkoma bila barua ya kazi huonekana kama aliyeshindwa. Hakushindwa. Amerudi na stadi ambazo hazijatafutiwa mahali pa kutumika. Kwa hesabu ya wanaorudi vijijini kila mwaka, kundi hili ndilo ambalo vyama vingi vitakutana nalo kwanza.

HISTORIA INAFUNDISHA NINI

Suala hili si jipya. Katika Vita Kuu ya Pili watu zaidi ya 80,000 wa Tanganyika waliingia katika utumishi wa kijeshi, Wasukuma na Wanyamwezi wakiwamo kwa wingi. Askari wa King's African Rifles walipigana Ethiopia, Madagaska na Burma. Huko walijifunza kuendesha malori, kutengeneza injini, kusoma ramani na kuandika taarifa. Waliporejea baada ya mwaka 1945, serikali ya kikoloni ilitazamia kwamba wengi wao wangerudi kulima kama zamani. Lakini aliyeongoza msafara wa malori hakuridhika kurudishwa katika kazi ya kubeba mizigo. Baadhi yao walielekeza uwezo wao katika kuwaunganisha watu. Abdulwahid Sykes, aliyekuwa askari Burma, alikuwa mwaka 1948 katibu wa chama cha makuli wa bandari ya Dar es Salaam, na baadaye akawa miongoni mwa waanzilishi wa TANU. Yafaa makatibu wa vyama walikumbuke hilo: nidhamu ya kambini, ikipata njia, huwa nidhamu ya kuendesha chama.

Wakati huohuo Marekani ilifuata njia nyingine. Sheria iliyotiwa saini Juni 1944 iliwapa askari waliorudi vitani haki ya kulipiwa masomo na mafunzo ya ufundi. Hadi mwaka 1956 zaidi ya watu milioni 7 walikuwa wameitumia haki hiyo, na walio wengi hawakwenda vyuo vikuu bali walijifunza ufundi, kilimo na kazi za viwandani. Nchi tajiri iliweza kulipa gharama hiyo. Hata hivyo msingi wake unaweza kufuatwa na nchi yoyote, nao ni kwamba mtu asipewe fedha tu bali apewe pia ujuzi unaotambulika.

Baada ya Vita vya Kagera Tanzania ilikuwa katika hali ngumu. Jeshi lilikuwa limepanuliwa kwa haraka hadi kupita watu 100,000 pamoja na mgambo, na hazina ya taifa ilikuwa imekauka. Maelfu walirudishwa makwao katika kipindi ambacho sukari, sabuni na mafuta ya taa vilikuwa haba. Wengi walishika jembe kwa uaminifu. Lakini silaha zilizotapakaa baada ya vita, pamoja na dhiki ya uchumi, zilichangia ujambazi na wizi wa ng'ombe uliovisumbua vijiji vya kanda hii. Ndipo wananchi wa Kahama na sehemu nyingine za Shinyanga walipounda Sungusungu mwanzoni mwa miaka ya 1980, na serikali ikaja kulitambua jeshi hilo la jadi kwa marekebisho ya sheria ya mgambo mwaka 1989. Si haki kumtuhumu kila aliyetoka vitani kwa uhalifu wa wachache. Hata hivyo kipindi hicho kilionyesha kwamba gharama ya kutowapangia watu kazi huja kulipwa na kijiji kizima.

Uganda ilijaribu kupanga mapema. Kati ya mwaka 1992 na 1995 iliwapunguza jeshini zaidi ya askari 36,000 kwa kusimamiwa na bodi maalumu ya kuwasaidia wapiganaji wa zamani. Kila mmoja alisafirishwa hadi wilayani kwake pamoja na familia yake, akapewa mabati, mbegu, zana na fedha taslimu zilizolipwa kwa awamu. Fedha kulipwa kwa awamu kulisaidia zisiishe siku ya kwanza, na ofisi za wilaya zilikuwa karibu na mwenye shida. Ugumu ulikuwa kwa wasio na ardhi na wasio na ufundi. Kwao mabati na mbegu havikutosha. Hapo panaonekana kwamba msaada wa kuanzia maisha na mafunzo ya kazi ni vitu viwili, na kimoja hakichukui nafasi ya kingine.

KWA NINI ULINZI PEKE YAKE HAUTOSHI

Kazi ya ulinzi ni halali na ina heshima yake. Migodi, mabenki, maghala na viwanda vya kuchambua pamba vyote vinaihitaji. Shirika la Uzalishaji Mali la JKT, yaani SUMAJKT, lililoanzishwa mwaka 1981, lina kampuni ya ulinzi inayoajiri vijana waliopitia JKT. Kosa ni kudhani kwamba kila aliyekuwa askari anafaa ulinzi, na kwamba hafai kingine.

Kwanza, si kweli kwamba mafunzo ya jeshi yanamwandaa mtu moja kwa moja kulinda mali ya raia. Askari hufunzwa kumkabili adui. Mlinzi hukutana na jirani yake, mtoto wa shule, au mchimbaji mdogo mwenye njaa aliyeruka uzio. Mwadui kwenyewe kuna funzo zito. Mwaka 2021 kampuni ya Petra Diamonds, iliyokuwa na hisa nyingi za mgodi huo tangu mwaka 2009, ilifikia maridhiano ya paundi milioni 4.3 na watu waliofungua madai nchini Uingereza kuhusu watu kuumizwa na wengine kupoteza maisha katika shughuli za ulinzi mgodini. Maridhiano hayo yalifanywa bila kampuni kukiri dhima. Jambo la kujifunza kwa kila mwajiri, mkubwa au mdogo, ni kwamba mlinzi asiyefundishwa mipaka ya kutumia nguvu anaweza kuleta hasara kuliko mwizi, na damu ya mtu hailipiki kwa kilo za pamba.

Pili, ulinzi kama unavyofanywa vijijini huvunja sheria mara kwa mara. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa za kawaida zisizozidi 45 kwa wiki, siku moja ya mapumziko kila wiki, malipo ya mara moja na nusu kwa saa za ziada, na nyongeza ya asilimia 5 kwa saa za usiku. Saa za ziada zisizidi 50 katika wiki nne. Mlinzi mmoja anayekesha saa 12 kila usiku, siku saba, hufanya saa 84 kwa wiki. Chama chenye mlinzi wa namna hiyo, asiye na mkataba wala mapumziko, kina deni lililojificha ambalo litajitokeza siku atakapokwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.

Tatu, ulinzi hupoteza ujuzi. Fundi wa injini akikaa langoni miaka mitatu bila kushika spana, mkono wake huzoea kukaa, na chama huendelea kumlipa fundi wa mjini nauli na posho.

HUDUMA ZILIZOPO NCHINI

Askari mstaafu na kijana aliyetoka JKT hawana mlango wao peke yao wa kupata kazi. Ipo milango ya wananchi wote, nao wana sifa za kuipita iwapo wataelekezwa. Katibu anayeifahamu milango hiyo atakuwa amewasaidia watu wengi bila kutumia fedha ya chama.

(a) Mafunzo ya ufundi. Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, VETA, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1994 na ina vyuo mikoani, kikiwamo cha Shinyanga. Hufundisha kozi ndefu za kufikia cheti cha daraja la I hadi la III, na pia kozi fupi za wiki au miezi michache. Kwa upande wa migodi, mwaka 2009 ulianzishwa mpango wa pamoja wa VETA na makampuni ya madini katika chuo cha Moshi ili kuwafundisha mafundi kwa viwango vya migodini. Kijana aliyesoma masomo ya sayansi na akapitia JKT yafaa auulizie.

(b) Kutambuliwa kwa ujuzi uliokwishapatikana. Hii ndiyo huduma yenye manufaa makubwa zaidi kwa mwanajeshi mstaafu, nayo haijulikani sana vijijini. Mtu aliyejifunza ufundi kazini, bila kupita chuoni, anaweza kuomba VETA impime. Huhojiwa, hutazamwa akifanya kazi yenyewe, na akionekana ana upungufu katika sehemu fulani hufundishwa sehemu hiyo tu. Akifaulu hupewa cheti cha kiwango anachostahili. Kwa njia hiyo mwashi aliyejenga makambi miaka 15 halazimiki kukaa darasani na vijana kujifunza kushika mwiko. Ujuzi wake hupewa karatasi ambayo mwajiri anaweza kuisoma.

(c) Leseni na vibali vya kiraia. Ruhusa ya jeshini haifanyi kazi uraiani peke yake. Aliyeendesha lori la kikosi sharti awe na leseni ya kiraia ya daraja linalohusika. Aliyehudumia wagonjwa sharti asajiliwe na baraza la taaluma yake kabla ya kushika sindano. Aliyeshughulika na milipuko haruhusiwi kulipua mwamba katika mgodi wa Nyarugusu au Mwakitolyo mpaka apate cheti kwa mujibu wa Sheria ya Baruti. Mambo hayo yashughulikiwe mapema, ikiwezekana kabla mtu hajatoka jeshini.

(d) Huduma za ajira. Sheria ya Kukuza Huduma za Ajira ya mwaka 1999 iliweka msingi wa huduma ya ajira ya serikali, ambayo huandikisha watafuta kazi, huwashauri na kuwaunganisha na waajiri. Kwa kazi za utumishi wa umma maombi hupitia Sekretarieti ya Ajira kwa njia ya mtandao. Hapa kuna jambo ambalo wengi hulijua wakiwa wamechelewa: matangazo ya Sekretarieti kwa kawaida huweka ukomo wa umri wa miaka 45, na aliyestaafu utumishi wa umma haruhusiwi kuomba bila kibali cha Katibu Mkuu Kiongozi. Kwa hiyo mstaafu asipoteze miezi akisubiri serikalini ikiwa sifa hizo hana. Na yeyote anayemdai mtafuta kazi fedha ili ampatie nafasi, katibu amwonye mwanachama wake amwepuke.

(e) Wenye ulemavu. Wapo waliorudi na majeraha, wa Kagera na wa miaka ya karibuni waliohudumu katika ulinzi wa amani Darfur na Kongo. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na zaidi awe na angalau asilimia 3 ya wenye ulemavu. Chama cha msingi hakifikii idadi hiyo, lakini viwanda na migodi inafikia. Barua ya katibu inayomtaja mtu, ujuzi wake na kifungu cha sheria haidharauliwi kama ombi la mdomo.

(f) Mafunzo ya ushirika. Kizumbi, karibu na mji wa Shinyanga, kuna taasisi ya Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi. Utunzaji wa vitabu, usimamizi wa bohari na uendeshaji wa vyama hufundishwa hapo. Mtu aliyekuwa karani wa kikosi anahitaji muda mfupi tu kuzoea vitabu vya ushirika, kwa maana hesabu ya mali ya jeshi na hesabu ya magunia zina msingi mmoja: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki, na sahihi ya aliyepokea.

CHAMA KINAWEZA KUFANYA NINI

Yapo mambo matano yaliyo ndani ya uwezo wa chama cha kawaida.

Kwanza, kiandae orodha. Katibu afungue daftari na aandike wanachama na watoto wa wanachama waliopitia jeshi au JKT: mwaka wa kutoka, kazi waliyofanya huko, vyeti walivyo navyo na leseni. Si vema kuuliza cheo tu, maana cheo huonyesha mamlaka aliyokuwa nayo mtu na hakionyeshi kazi ya mikono yake. Swali lililo bora ni hili: "Kila asubuhi kambini ulikuwa ukifanya kazi gani?" Majibu yatawashangaza wengi.

Pili, kilinganishe orodha hiyo na mahitaji yake. Mfano wa bohari unatosha. Tuseme chama kinapokea kilo 200,000 za pamba kwa msimu, na ushuru wake ni shilingi 30 kwa kila kilo. Mapato ya chama ni shilingi 6,000,000. Sasa tuseme kwa unyevu, mizani mibovu na uandikaji wa kizembe unatokea upungufu wa asilimia 1 tu. Hizo ni kilo 2,000. Ikiwa bei ni shilingi 1,000 kwa kilo, hasara ni shilingi 2,000,000, yaani theluthi moja ya mapato yote ya chama. Mtunza bohari aliyezoea kukagua, kupima na kuandika anaweza kuurudisha mshahara wake katika msimu mmoja. Hoja ya kumpatia kazi basi si huruma. Ni hesabu inayoweza kusomwa mbele ya Mkutano Mkuu.

Tatu, kigharimie mafunzo mafupi kwa utaratibu. Bodi iingize katika makisio ya mapato na matumizi fungu dogo la mafunzo, Mkutano Mkuu uliidhinishe, na mnufaika asaini makubaliano ya kukitumikia chama kwa muda maalumu. Fungu lisiloidhinishwa, hata likitumika kwa nia njema, litakuwa hoja ya wakaguzi wa COASCO.

Nne, kisaidie kuunda vyama vya wenye ujuzi. Sheria ya Vyama vya Ushirika namba 6 ya mwaka 2013 haiwahusu wakulima peke yao. Waashi, mafundi seremala, madereva au mafundi mitambo wanaweza kuunda chama chao, wakaomba kandarasi za kujenga maghala na madarasa au kutengeneza matrekta. Uwezo wa makundi ya namna hiyo umekwisha kuonekana. Ukuta wa kilomita 24.5 uliozungushwa machimbo ya tanzanite Mirerani, uliozinduliwa Aprili 2018, ulijengwa na wanajeshi na vijana wa JKT. Mikono iliyojenga ukuta huo haishindwi na ghala la chama cha msingi. Idadi ya waanzilishi na masharti ya usajili yaulizwe kwa Mrajis Msaidizi wa mkoa.

Tano, kiwapokee katika akiba na mikopo. Askari anapostaafu hupokea fedha nyingi kwa mara moja kuliko alizowahi kushika. Huo ndio wakati wa hatari. Tuchukue mfano wa kubuni wa mstaafu aliyepata shilingi 20,000,000. Akinunua pikipiki kwa 3,000,000, akakopesha ndugu 4,000,000, akatumia 5,000,000 katika sherehe na madeni ya zamani, akaweka 8,000,000 katika shimo la dhahabu huko Geita ambalo halijatoa hata gramu moja, mwaka haujaisha atakuwa anaomba kazi ya kukesha. Mtu huyohuyo angeweza kuweka sehemu ya fedha hizo katika SACCOS yenye leseni, akajifunza kazi kwa miezi sita huku akila kidogokidogo, ndipo akaanza shughuli anayoielewa. Majirani wametangulia katika jambo hili: askari wa Uganda wana chama chao cha akiba na mikopo kiitwacho Wazalendo, na wa Kenya wana Ulinzi. Mwanajeshi aliyeanza kuweka akiba akiwa kazini hastaafu akiwa mgeni wa fedha. Akiba haiozi.

MAMBO YA KUJIHADHARI NAYO

Chama kisifanye haraka kiasi cha kusahau utaratibu. Kazi itangazwe, maombi yapokewe, na mtu achaguliwe kwa sifa. Mjumbe wa Bodi asigeuzwe mwajiriwa wa chama, hata akiwa na nishani ngapi. Kila mwajiriwa apewe maelezo ya kazi kwa maandishi na aandikishwe katika Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ili akianguka juu ya magunia familia yake isibaki mikono mitupu.

Kuhusu silaha, kuwa askari mstaafu si kibali. Umilikaji na utumiaji wa bunduki uko chini ya sheria ya mwaka 2015 ya udhibiti wa silaha na risasi, na polisi ndio wanaohusika. Chama kisimkabidhi mtu bunduki ya kuazima wakati wa msimu wa malipo kwa kisingizio kwamba aliwahi kuizoea.

Liko pia suala la tabia ya kazi, na linapaswa kusemwa kwa uwazi. Jeshini amri hutoka juu na hutekelezwa. Katika ushirika mwenye chama ni mwanachama, na mwanachama ana haki ya kuuliza, hata akirudia swali mara tatu. Baadhi ya wastaafu huona jambo hilo kuwa utovu wa nidhamu. Kwa upande mwingine, baadhi ya wanachama humwogopa mtu aliyetoka jeshini, wakamwacha aamue mambo yasiyo yake. Yote mawili huharibu chama. Dawa yake ni mwenyekiti kumweleza mwajiriwa mpya, siku ya kwanza, nani anampa kazi, nani anamkagua, na mkutano una mamlaka gani.

Mwisho, wazee wa Kagera wasisahauliwe kwa sababu hawana tena nguvu za kubeba magunia. Mzee mwenye akili timamu anaweza kushuhudia upimaji wa pamba, kukaa katika kamati ya usimamizi, au kuwaeleza vijana wa JKT namna alivyoanza upya aliporudi kijijini bila kitu. Katibu anayemwandikia mzee kama huyo barua ya kufuatilia haki zake hupoteza nusu saa tu ya kazi yake.

HITIMISHO

Kanda hii imezoea kuona utajiri ukichimbwa na kupelekwa mbali. Almasi ya Mwadui iligunduliwa mwaka 1940, na dhahabu ya Geita inajulikana ulimwenguni. Ujuzi wa watu hauondoki kwa lori. Unarudi nyumbani kwa miguu, katika begi la askari aliyemaliza muda wake, na hukaa kijijini ukisubiri kuulizwa. Serikali ina wajibu wake na migodi ina wajibu wake. Lakini chama cha msingi ndicho kinachomjua mtu kwa jina, kinamjua baba yake, na kinajua ghala lina upungufu wa kilo ngapi.

Kabla ya msimu ujao wa ununuzi, kila katibu anashauriwa afungue daftari lililotajwa hapo juu, alijaze, na aliwasilishe mbele ya Bodi. Chama kitakachomkuta fundi wake miongoni mwa wanachama wake kitakuwa kimepunguza gharama, na mtu huyo atakuwa amepata kazi inayolingana na alichojifunza. Umoja ni nguvu.